Mwizi wa Maji ya Ndiva

Mfungua ndiva humwagilia mwisho. Jana mlimsikia mzee Kiangi akimwambia Senzota maneno hayo, mkacheka, mkadhani anamwombea njaa kwa sababu amepata kazi ya ugani wilayani. Leo mmekuja kuniuliza. Vizuri, kuuliza si ujinga. Ila menyeni hizo ndizi huku mnasikiliza, maana masikio hayashiki kisu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, hapa kwetu Upareni, ndiva ndiyo ilikuwa roho ya kijiji. Ni bwawa dogo la mawe na udongo. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi mtu mmoja analifungua, maji yanateremka mferejini hadi mashambani kwa zamu. Mtu huyo alikuwa na haki ya kumwagilia shamba lake kwanza, ndio ulikuwa ujira wake. Wa mabondeni waliambulia tope. Wakanuna, wakaacha kuja kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa matope ya ndiva. Mzee aliyekuwa akifungua alipochoka, akatafutwa kijana wa kumrithi. Hakupatikana. Nani atake kazi ya kuitwa mwizi?

Basi akasimama binti mmoja, Nakijwa. "Nitafungua mimi," akasema, "na shamba letu litakuwa la mwisho."

Watu wakaguna. Mama yake alikuwa mjane, na maharage ya shamba lile ndiyo yalikuwa chakula chao chote.

Kila asubuhi maji yaliyapita maharage yale yakaenda kwa wengine. Zamu yao ilipofika, ndiva ilikuwa tupu. Majani yakaanza kuwa ya njano. Siku moja Nakijwa akamkuta mama yake ameinua jembe atoboe ukingo wa mfereji.

"Mama, weka jembe."

"Maharage yanakufa, Nakijwa! Na maji haya hapa, yananilowesha miguu!"

"Yana mwenyewe. Leo ni zamu ya Mama Elinihaki."

"Na mimi si mtu?"

Nakijwa akalia. Msidhani alikuwa jiwe, alilia kweli, maana mama yake hakukosea. Lakini ukingo haukutobolewa. Akaanza kuufuata mfereji kuelekea bondeni, ameinama, akichungulia chini ya nyasi.

Vijana waliokuwa wakichunga mbuzi wakamwona. Mmoja wao, Mbonea, akamwuliza, "Unatafuta nini?"

"Mwizi."

Wakacheka, lakini nani asingependa kumwona mwizi? Wakaacha mbuzi, wakamfuata. Na mwizi wakamkuta: mashimo ya fuko chini ya ukingo, maji yakizama humo kimyakimya. Wafunguaji wote waliotangulia hawakuyaona. Wayaone vipi? Shamba lao limeshashiba, maji yanayopotea huko mbele yanawahusu nini?

Wakayaziba kwa mfinyanzi na migomba iliyopondwa, siku baada ya siku, vijana wenyewe wakishindana nani ataona shimo jipya. Bondeni maji yakafika. Na yakabaki ya kumwagilia shamba la kina Nakijwa, ingawa nusu ya maharage ya mama yake yalikuwa yameshakufa. Mwaka ule walikula kwa kubana.

Msimu uliofuata Nakijwa aliolewa ng'ambo ya mlima, kijiji kikakutana tena kutafuta mfunguaji. Safari hii mikono ya wale wachunga mbuzi ikainuka yote, wakaanza kusukumana kwa viwiko. Mama yake Nakijwa akasimama mbele yao.

"Mnajua mnachokiomba, au mnacheza? Mfungua ndiva humwagilia mwisho!"

Mbonea akajibu, "Maharage yako tuliyaona, mama."

Wala hakuna aliyeshusha mkono.

Kwa hiyo mzee Kiangi hakumwombea njaa Senzota. Alikuwa anamwuliza kama mkono wake bado uko juu. Mfungua ndiva humwagilia mwisho.