Ukoko wa Karamu ya Bi Siwatu

Hapo zamani, na msinitolee macho, sisemi zamani zile za sungura kuoa. Nasema zamani za juzijuzi, hospitali ya wilaya imekwisha kupata daktari wa wanawake. Palikuwa na mji mmoja wa pwani, na katika mji huo palikuwa na kungwi, jina lake Bi Siwatu. Msichana akivunja ungo, hupelekwa kwa Bi Siwatu. Msichana akiposwa, hupelekwa kwa Bi Siwatu. Mambo ya mwili wa mwanamke aliyajua yote, na mdomo alikuwa nao. Mwari akikosea kucheza msondo, ngoma ya unyago, atachekwa mpaka Idi.

Mji huo ulikuwa na desturi, nanyi ishikeni vizuri, maana ndiyo itakayotugombanisha hapa. Mgonjwa akiinuka kitandani hupika karamu ya wali wa nazi. Wali huliwa na kila mtu. Lakini ukoko, ule mwekundu unaobanduliwa chini ya sufuria, haugawanywi. Hupewa mtu mmoja tu, yule aliyemwinua mgonjwa. Na mla ukoko huwa mtu wa nyumba ile maisha yake yote. Haozwi mtoto asiulizwe, hakiuzwi kiwanja asiulizwe. Watu walinuniana miaka kwa ajili ya ukoko, na wengine bado wamenuna.

Basi. Bi Siwatu alikuwa amekoma hedhi siku nyingi. Aliagana nayo kwa furaha, akanunua mashuka meupe, akatandika kwa mbwembwe. Asubuhi moja anaamka, damu. Akaitazama. Akatazama mlango, kama kwamba aliyeileta yupo pale anachungulia.

Sasa niambieni, kungwi akipatwa na jambo humwendea nani? Mji mzima ulikuja kuuliza kwake. Yeye akaona aibu kwenda kuuliza kwa mtu. Akafanya kile anachokijua. Damu ikija, mwari hukaa ndani. Basi mwanamke mwenye wajukuu akajitia mwari mwenyewe! Akajifungia chumbani, akajipaka liwa, akamwambia mumewe kwamba kifua kinambana, na akakohoa kidogo kwa ajili ya ushahidi.

Damu ikakata. Akatoka, akajipigia kigelegele cha chinichini. Damu ikarudi. Akaingia. Ikakata, akatoka. Ikarudi, akaingia. Majirani wakaanza kusema kifua cha Bi Siwatu kina kalenda yake. Naye aliwacheka kwa sauti kubwa, na akifunga mlango alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikaza tumboni, anaogopa.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mchana mmoja jirani yake, Mwantumu, kungwi mwenzake na shoga yake wa tangu utoto, akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi ya futari. Akapiga hodi, kimya. Akapita mpaka uani, akasukuma mlango wa jiko. Nyuma ya mlango amesimama Bi Siwatu, shavu limevimba, kipande cha muhogo mkononi.

"Shoga!" Mwantumu akasema. "Mchana huu?"

Bi Siwatu hakuweza kujibu, kinywa kimejaa. Akatafuna, akameza, akajipangusa.

"Ninaumwa kifua," akasema.

"Kifua hakili muhogo. Mtu mzima mwenye afya hali mchana ila kwa sababu moja, na sababu hiyo wewe uliiaga siku nyingi." Mwantumu akashika mdomo. "Siwatu. Imerudi?"

Bi Siwatu akakaa juu ya kinu. "Imerudi. Na ukimwambia mtu sikujui. Apa."

Kiapo cha makungwi si mchezo. Mtu hushika ngozi ya msondo, akasema jambo hili likinitoka na ulimi unitoke. Bi Siwatu akauleta msondo kutoka chumbani. Mwantumu akaushika, akaapa, akabeba mbuzi ya nazi, akaondoka.

Siku ile Mwantumu alikuna nazi mpaka akakuna kidole. Akawaza, mimi nimeapa. Akawaza tena, na mwenzangu akifa? Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa kwa Chiku, binti wa Bi Siwatu, anamwaga kila kitu. Ulimi wake aliushika kwa vidole, aone kama unatoka. Ulikuwapo.

Chiku alimjua mama yake. Ukimwambia twende hospitali, atakuuliza nani anaumwa. Basi kesho yake akaja analia, kanga kaifunga kifuani ovyo.

"Mama, ninatokwa na damu isiyo na mpango. Nisindikize kwa daktari. Peke yangu naona haya."

"Haya ya nini, mwanangu? Damu ni mambo ya Mungu!" akasema Bi Siwatu, na akatangulia yeye mlangoni. Kwa ugonjwa wa mtoto wake alikuwa na miguu. Kwa wake hakuwa nayo.

Daktari aliitwa Mkunde, mwanamke mfupi mwenye miwani. Akamuuliza Chiku, damu imeanza lini? Chiku akababaika. Bi Siwatu akajibu yeye. Nyingi au kidogo? Akajibu Bi Siwatu. Inakata na kurudi?

"Inakata, daktari, unajiona umepona kabisa, halafu asubuhi moja hiyo tena. Kiuno kinauma hapa, hapa chini. Na mashuka, jamani, mashuka meupe!"

Daktari akavua miwani. "Mama, mashuka meupe ni ya nani?"

Chiku akatazama sakafu. Bi Siwatu akamtazama Chiku. Akaelewa.

"Mtoto mshenzi wewe," akasema polepole, na machozi yakamtoka. Pale pale, mbele ya mwanawe, akasema yote.

Daktari Mkunde hakumkemea. Akamwambia, "Mwanamke akishakoma, damu ikirudi haiitwi hedhi. Mara nyingi huwa ni jambo dogo. Lakini hata tone moja huangaliwa." Akampima, akachukua kipande kidogo cha nyama ya ndani ya kizazi, kikapelekwa maabara. Majibu yalipokuja akamwita. "Bado si kansa. Ila chembe zimeanza kugeuka, na zikiachwa zinaweza kufika huko. Dawa zipo, utakunywa na tutakuchunguza kila mara. Lakini kwako wewe, mimi nashauri tukitoe kizazi. Ukafikiri, mama, ila usifikiri mpaka mwakani."

Bi Siwatu alifikiri mpaka mlango wa hospitali tu. Kutoka hapo alikimbia. Akaenda kujificha mahali ambapo alijua hafuatwi, nyumba ya unyago. Humo mwanamume haingii. Hata jogoo akichungulia hufukuzwa kwa mwiko. Makungwi wakakaa mlangoni na miiko yao, Chiku na Mwantumu waliotoa siri wakarudishwa, mmoja akasema wakate kizazi cha daktari kwanza.

Mumewe alikuwa Mzee Faki, fundi seremala, mtu asiyemaliza maneno kumi kwa siku. Chiku akamweleza mambo ya hospitali, naye akaja mpaka mlangoni. Makungwi wakainua miiko. Mzee Faki akalivua koti lake, akajifunika kichwani mpaka kidevuni, akapita katikati yao akipapasa. Akapigwa mwiko wa kwanza, akapita. Akapigwa wa pili, akapita. Ndani akajikwaa kwenye msondo, ukalia du! Bi Siwatu, aliyekuwa analia pembeni, akaangua kicheko na machozi yake.

"Baba Chiku, unajua umeingia wapi?"

"Sijui. Sioni."

"Toka!"

"Nitatoka na wewe. Unalilia nini?"

Kicheko kikamwisha. "Wari wote wa mji huu nimewafundisha kwamba kizazi ndicho kiti cha mwanamke. Wakinitoa changu nitakaa wapi? Na wewe utarudi kwa mwanamke gani?"

Mzee Faki akatafuta pa kukaa, akakalia msondo wenyewe. Nje makungwi wakapiga ukelele.

"Viti ni kazi yangu," akasema chini ya koti. "Kiti kikiingia mchwa nakitoa nje, nyumba ipone. Sijawahi kumtoa mwenye nyumba nikabaki na kiti. Mimi nilikuposa wewe, Siwatu. Ukiondoka, asubuhi nani atanitukana?"

Bi Siwatu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akasema neno ambalo hakulisema hata siku aliyoolewa. "Naogopa."

"Na mimi naogopa. Twende tukaogope pamoja."

Wakaenda. Mzee Faki akalala chini, mkekani, nje ya wodi. Bi Siwatu akapanda meza ya upasuaji kwa miguu yake mwenyewe. Alipozinduka alikipapasa kidonda chake, akakililia kizazi, maana kilimlelea watoto wanne na kilistahili mtu wa kukililia. Alipomaliza kulia akasikia njaa. Daktari Mkunde akaleta habari. Chembe mbaya zilikuwa zimekaa humo humo ndani, hazikutoka kwenda kokote. "Mmewahi," akasema.

Akapona. Siku ya karamu ikafika. Wali ukapikwa kwenye sufuria kubwa kuliko zote mtaani, na makungwi wakausimamia moto wa chini ili ukoko ushike vizuri. Watu wakala, wakashiba, wakaitolea macho sufuria. Ukoko ukabanduliwa mzima, mwekundu, unanukia nazi, ukawekwa kwenye sinia, sinia ikawekwa mapajani mwa Bi Siwatu.

Mwantumu akasimama wa kwanza. "Ukoko ni wangu. Nani aligundua? Mimi. Nimeshika msondo nikaapa, na kiapo nikakivunja kwa ajili yako, shoga. Mpaka leo nikiamka nagusa ulimi kwanza. Ningekitunza kiapo, leo tungekuwa tunakula wali wa matanga."

"Ulimwambia Chiku, sawa," akajibu Bi Siwatu. "Na yule muuza vitumbua ulimwambia kwa ajili gani?"

Watu wakacheka. Mwantumu akakaa, lakini mkono aliuacha karibu na sinia.

Chiku akasimama. "Ukoko ni wangu. Bi Mwantumu alisema tu. Kusema hakumfikishi mgonjwa hospitali. Mimi nilimwongopea mama yangu mzazi, nikajitia ugonjwa nisio nao, na mtaa wa pili wanasema mpaka leo kwamba Chiku ana maradhi. Mama, nani alikukalisha mbele ya daktari?"

"Na uliongopa mchana wa Ramadhani," Mwantumu akadakia, "saumu ikiwa kinywani!"

"Na wewe je, na kiapo chako?"

Mzee Faki akasimama. Watu wakashangaa, siku ile alikuwa amekwisha kusema maneno yake kumi. "Hospitali alifika, akakimbia. Ninyi wote mlibaki nje ya mlango. Mimi nimeingia nyumba isiyoingiwa. Makungwi wamenitoza faini ya mbuzi, na mgongo una alama ya mwiko. Ukoko ni wangu."

"Baba," Chiku akasema taratibu, "mnalala kitanda kimoja. Miezi yote ile, wewe hukuona kitu?"

Kicheko kikakatika. Mzee Faki akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Niliona," akasema. "Niliona mwanzo kabisa. Nikaona haya kuuliza."

Bi Siwatu akamtazama mumewe. Akamtazama mwanawe. Akamtazama shoga yake. Mmoja amevunja kiapo, mmoja amesema uongo, mmoja amepita mlango wa haramu baada ya kunyamaza siku nyingi. Angekosekana mmoja wao, yeye asingekuwapo kubeba sinia hiyo. Akawapenda wote watatu, na wakati huo huo akatamani kuwachapa. Kungwi mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Apewe mgonjwa mwenyewe! Meza alipanda peke yake!" Wengine wakamzomea, wengine wakamwitikia, karamu ikawa soko.

Akaushika ukoko kwa mikono miwili. Desturi inasema haugawanywi. Desturi inasema mtu mmoja.

Haya, mliokuja kula hadithi yangu bure, sinia naitia mapajani mwenu. Ukoko unapoa, na ukipoa hautafuniki. Mwantumu aliyevunja kiapo, Chiku aliyesema uongo, Mzee Faki aliyechelewa kisha akaingia, au Bi Siwatu aliyelala mezani: je, mngempa nani?