Shahidi wa Mtaa wa Mivinje

Hapo zamani, wakati kila mji wa pwani ulipokuwa na Sultani wake, na kila Sultani na kiburi chake, palikuwa na mji uitwao Shungamwe, na aliyetawala humo aliitwa Fumo Dhahiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpenda sifa, na mwepesi wa kusadiki neno la yule aliyesema naye mwisho. Ikawa siku moja akafikiwa na mjumbe wa nchi ya mbali, naye mjumbe, akiwa anatafuna halua, akasema, "Bwana wangu, mji usio na majengo ya kale ni kambi tu, hata ukijaa dhahabu."

Neno hilo likamkaa Sultani rohoni kama mwiba wa samaki. Mjumbe alipokwenda zake, akamwita Khatibu Badiri, mtunza tarehe ya mji, ambaye alijua habari za masultani wote waliopita, au tuseme alijua kuzisimulia. Akamwambia, "Nataka majengo yetu ya kale yahifadhiwe, mgeni akija aone kuwa sisi si watu wa jana."

Khatibu akainama, akaenda akatunga amri, na asubuhi yake mbiu ya mgambo ikalia mjini. Mpiga mbiu akasema, "Enyi watu wa Shungamwe! Nyumba yoyote ambayo Sultani wa mji huu ameingia kwa miguu yake, akaketi, akala, hiyo ni nyumba ya kumbukumbu. Isivunjwe, isiguswe, na akaaye humo asiondolewe milele. Na nyumba isiyo na habari hiyo itavunjwa, ili zile za kumbukumbu zionekane vema, na mahali pake pafanywe bustani ya tausi wa Sultani."

Basi tangu siku hiyo watu wakubwa wa mji wakaanza kukumbuka. Huyu alikumbuka kuwa Sultani wa kwanza alikula pilau ukumbini kwake. Yule alikumbuka kuwa Sultani wa pili alilala darini kwake akiwa na homa. Kila aliyekumbuka alimpelekea Khatibu kondoo, au mtungi wa samli, ili naye Khatibu apate kukumbuka, na Khatibu alikuwa na kumbukumbu njema sana. Kibao cha mti kikachongwa, kikapigiliwa juu ya mlango. Haukupita muda ikawa babu yake Sultani amezaliwa katika nyumba tatu na kufa katika nyumba tano, na baina ya kuzaliwa na kufa hakupata kulala kwake hata usiku mmoja.

Lakini mtaa wa Mivinje haukuwa na kibao. Huo ulikuwa mtaa mkongwe kuliko yote, nyumba zake za mawe zimebanana, na juu ya vichochoro palikuwa na wikio, yaani vyumba vilivyovuka njia kwa juu vikaunganisha nyumba na nyumba. Waliokaa humo walikuwa washona kofia, wachonga mitawanda, yaani viatu vya mti, wasukaji mikeka na watu wa namna hiyo, na hakuna aliyekuwa na kondoo. Mkunga wao, Bi Mwanamize, bibi kizee asiyemwogopa mtu, akajikongoja hadi kwa Khatibu, akamwambia, "Baba, katika chumba changu nimewapokea nusu ya watu wa mji huu, nawe Badiri ukiwa mmoja wao, tena ulitoka miguu mbele. Je, hiyo si habari ya kale?"

Khatibu akajibu, "Bibi, hiyo si tarehe. Hiyo ni uzazi." Akamwamuru mpiga chokaa aende akatie alama nyekundu nyumba zote za Mivinje, ziwe tayari kuvunjwa.

Basi katika mtaa huo alikuwako mtu mmoja jina lake Sudi Pakacha. Aliitwa Pakacha kwa kuwa mali yake yote ilitosha katika pakacha moja, na nafasi ikabaki. Watu walimwona mpumbavu, maana ukimwambia neno alilichukua kama lilivyo: aliwahi kuambiwa na tajiri, "Nishikie mlango," akaushika tangu asubuhi hata alasiri, na tajiri akakosa kuingia kwake. Nyumba yake alirithi kwa mamaye, naye hakuwa na kitu kingine duniani. Alipoiona ile alama nyekundu ukutani, aliigusa kwa kidole, akakitazama kidole, akaketi kizingitini kwa Bi Mwanamize, na bibi akaona machozi yanamtoka.

"Unalia nini?" akamwuliza.

"Bibi," akasema Sudi, "nikitolewa nyumbani mwangu, nitamwambia nani kuwa nina mama? Mle ndani ndimo anamojua kuwa mimi ni mwanawe." Kisha akauliza, "Ile amri yasemaje? Hebu niambie tena, neno kwa neno."

Bi Mwanamize akaisema kama alivyoisikia, na Sudi akaisikiliza, midomo yake ikiifuata. Alipokwisha kusikia, akapangusa uso, akaenda barazani kwa Sultani.

Alipofika alimkuta Sultani ameketi, na Khatibu kuumeni kwake, na wakubwa wa mji wamejipanga. Sudi akaamkia, akasema, "Bwana wangu, nimekuja kwa habari ya nyumba yangu iliyoko Mivinje. Nataka nayo iwe ya kumbukumbu."

Wakubwa wakacheka. Khatibu akasema, "Sultani gani aliingia kwako, ewe Pakacha? Alifuata nini? Viroboto?"

Naye Sultani, akitaka kuwafurahisha watu wake, akasema, "Sikiliza. Sitaki maneno ya kusikia, wala ya fulani kamwambia fulani. Niletee shahidi aliyemwona Sultani, kwa macho yake mwenyewe, ameketi nyumbani mwako anakula. Tena awe shahidi ambaye mimi siwezi kumkanusha. Ukimpata, nyumba yako itabaki. Usipompata, itavunjwa Ijumaa, nawe utapigwa bakora kwa kunipotezea wakati."

Baraza lote likaangua kicheko, maana babu yake Sultani alikufa zamani, na waliomwona wote wamemfuata. Ndipo Sudi akasema, "Shahidi ninaye, Bwana wangu."

Kicheko kikakatika. Sultani akauliza, "Unaye? Ni nani?"

"Ni mtu ambaye hata Khatibu hathubutu kumwambia amesema uongo. Lakini ana ila moja: nje ya nyumba yangu hajui lolote katika jambo hili. Ni mpaka awe ndani. Kwa hiyo nakuomba uje umsikilize mwenyewe."

Khatibu akasema, "Bwana wangu, huyu mpumbavu anakuchezea." Lakini Sultani udadisi ulikwisha mshika, akasema, "Ijumaa baada ya sala nitakuja. Na bakora nitakuja nazo."

Ijumaa ikafika. Sultani akatoka msikitini na msafara wake, akaingia vichochoro vya Mivinje, ambavyo hakupata kuvikanyaga tangu kuzaliwa. Wakafika mbele ya nyumba ya Sudi, wakaona kizingiti cha juu kimeanguka na mawe yameuziba mlango. Sultani akauliza, "Twaingiaje?"

Sudi akajibu, "Mvua za masika zilikiangusha kizingiti, Bwana wangu. Tangu hapo mimi naingilia kwa Bi Mwanamize, napanda ngazi, navuka wikio, napita kwa washona kofia, navuka wikio la pili, napita kwa mchonga mitawanda na jirani zake, ndipo nashuka kwangu. Ndiyo njia iliyopo." Na hilo lilikuwa kweli, wala hakuongeza kitu.

Basi Sultani akainama akaingia kwa Bi Mwanamize. Bibi akamwambia, "Karibu, Bwana wangu. Ngazi zangu ni kali, na wewe una mwili. Keti kwanza upumue." Sultani akatazama zile ngazi, akaona bibi asema kweli, akaketi. Akaletewa kaimati zinazotoka motoni, shira inamiminika. Akala moja, akafumba macho. Kwa maana kwake, chakula kilionjwa kwanza na waonjaji wanne kwa kuogopa sumu, na kilipomfikia kilikuwa kimepoa kama jiwe la kaburi, na tangu utotoni hakujua kuwa kaimati ni kitu cha moto. Akala ya pili, na ya tatu.

Akapanda, akavuka wikio, akatokea kwa washona kofia, akihema. Nao wakamwambia, "Keti, Bwana wetu," wakampa mkate wa kumimina na kahawa chungu. Akaketi, akala, akatazama ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, zilizochorwa maua katika chokaa, kazi ya mikono iliyokwisha kuoza zamani, na ndani ya zidaka zile watoto wameweka bakuli zao na taa. Akasema, "Mbona mimi kwangu sina ukuta kama huu?"

Kwa mchonga mitawanda akala mahamri na mbaazi. Kwa msuka mikeka akala ndizi za nazi, akapakata mtoto mchanga, na mtoto akamkojolea joho; wenyeji wakashikwa na hofu, lakini Sultani akacheka hata machozi yakamtoka. Ndipo Khatibu, aliyekuwa akifuata nyuma bila kukaribishwa kitu, akaanza kuhisi harufu ya jambo. Akamnong'oneza, "Bwana wangu, turudi. Katika kula huku mna hila."

Sultani akajibu, kinywa kimejaa, "Khatibu, kama ni hila, basi imetiwa iliki. Nyamaza."

Mwisho wakashuka kwa Sudi. Ukumbi ulikuwa mtupu, mkeka mmoja na mtungi mmoja, na pembeni dari imeachia, mbingu yaonekana. Sultani akaketi mkekani. Sudi akamwekea muhogo wa kuchoma katika jani, akasema, "Sina zaidi ya huu." Sultani akaumega, akala, maana kufika hapo alikwisha sahau kukataa. Kisha akakumbuka bakora, akakunja uso.

"Haya, Pakacha. Shahidi yuko wapi?"

"Yumo humu, Bwana wangu. Nakuomba mimi nimwulize."

"Mwulize."

Sudi akapiga magoti mbele yake, akauliza, "Bwana wangu, je, waona kwa macho yako Sultani wa Shungamwe katika nyumba hii?"

Sultani akageuza shingo huku na huku. "Sultani gani? Namwona Khatibu, nawaona askari. Sultani ni mi..." Akakoma. Kipande cha muhogo kikabaki njiani kati ya jani na mdomo.

Sudi akauliza tena, polepole, "Naye ameketi?"

"Ameketi," akasema Sultani.

"Naye anakula?"

Sultani akautazama ule muhogo. "Anakula."

"Na shahidi huyu, Bwana wangu, waweza kumkanusha?"

Khatibu hakuweza kustahimili, akapaza sauti, "Bwana wangu, amri ilikusudia masultani wa zamani!"

Sudi akamgeukia kwa adabu. "Mimi ni mjinga, Khatibu, najua maneno tu, makusudi siyajui. Amri ilisema Sultani wa mji huu. Au wewe wasema huyu si Sultani? Niambie, nipate kujua nimeamkia nani." Khatibu akarudi nyuma, akajificha kati ya askari.

Hapo Sultani akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa mkunga, kwa washona kofia, kwa mchonga mitawanda, kwa msuka mikeka, na vidole vikamwishia kabla ya nyumba, maana alikuwa ameuvuka mtaa mzima kutoka mwanzo hata mwisho, na kila mahali aliketi, na kila mahali alikula. Akaachia kicheko kikubwa, hata vumbi likamwagika kutoka ile dari mbovu.

"Umenilisha mtaa, Pakacha!" akasema. "Haya, Mivinje yote ni ya kumbukumbu. Nawe taka utakacho."

Sudi akasema, "Nataka neno moja litolewe katika amri, Bwana wangu. Yasema nyumba ya kumbukumbu isiguswe. Sasa hii yangu ni ya kumbukumbu, na dari yake ndiyo hiyo uionayo. Isipoguswa, masika yajayo kitabaki kibao." Sultani akaitazama mbingu pale penye tundu, akalitoa neno lile papo hapo, akaamuru na boriti za mkoko ziletwe, na fundi wa kuzipandisha.

Kisha akainuka kurudi kwake, naye safari hii alikwenda akisoma vibao juu ya milango ya wakubwa, na wenye milango wakaingiwa na baridi, maana walifahamu sasa shahidi ni nini. Akawapita wote kimya. Lakini alipofika penye kibao kikubwa kuliko vyote, kilichosema kuwa humo babu yake alikula daku mwezi mzima wa Ramadhani, akasimama. Ilikuwa nyumba ya Khatibu Badiri.

"Khatibu," akasema, "nani alimwona?"

Watu wote wakamtazama Khatibu. Naye akakimbia akaufungua mlango wake mkubwa wa nakshi mbao zote mbili, akaanguka kifudifudi, akasema, "Karibu, Bwana wangu! Ingia kwa miguu yako, uketi. Kuna mbuzi mzima wa kuoka. Kuna samli, kuna asali, kuna halua ya kila rangi. Onja japo kidogo, Bwana wangu. Tonge moja tu!"

Sultani akaweka mkono juu ya tumbo, akamtazama kwa huruma.

"Ahsante, Khatibu," akasema. "Nimeshiba."

Na mpaka leo, wasemao hekaya hii husema kuwa katika mji wote wa Shungamwe hapakuwa na bustani ya tausi iliyokaa mahali pazuri kama ile iliyofanywa palipokuwa na nyumba ya Khatibu.