Kiboko Alivyochagua Udongo wa Mchicha

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa bonde, na bonde likawa na vita!

Bondeni aliishi Bi Fuko, mdogo kama ngumi, pamoja na wanawe. Chakula chao kilikuwa mchicha wa bustani yao. Siku moja, gubu! gubu! gubu! Akatoka Kiboko mtoni. Akala mchicha wote, nyafu! nyafu! Hata mizizi hakubakiza.

"Bonde hili halitutoshi," akanguruma. "Hama na wanao!"

"Bwana mkubwa, tushindane kwanza," akasema Bi Fuko. "Mimi nipande mchicha, nawe upande. Wanyama waje waone. Utakaostawi, mwenyewe achukue bonde."

Kiboko akacheka mpaka magego yakaonekana. "Haya! Lakini udongo nachagua mimi kwanza."

Palikuwa na mafungu matatu. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unang'aa kama umepakwa mafuta. Mchanga wa mtoni. Na samadi iliyooza pamoja na majani makavu, haitazamiki. Bi Fuko akaurukia mfinyanzi, akaukumbatia, akaangua kilio.

"Chukua vyote, bwana mkubwa, mfinyanzi niachie! Wanangu watakufa!"

"Ala! Kumbe mali iko hapa!" Kiboko akausomba wote.

Bi Fuko akafuta machozi. Akaokota mabonge yaliyodondoka njiani, akayaponda. Akatia mchanga, akachanganya. Akatia samadi, akachanganya. Akapanda, akamwagilia: chwa! chwa! Maji yakazama taratibu.

Kiboko naye akapanda, akamwagilia: chwa! chwa! Maji yakatuama. Jua likawaka, mfinyanzi ukakauka, ukapasuka: ka! ka! Mchicha wake ukatoka manjano, umenyong'onyea kama mgonjwa.

Na wa Bi Fuko? Weee! Majani mapana kama viganja, kijani kibichi, yanapepea!

"Umetia nini?" Kiboko akafoka.

"Samadi, bwana mkubwa."

"Turudie! La sivyo nawakanyaga wote!"

Akakimbia kwa Nyati, akabeba samadi mbichi, bado inafuka moshi. Bi Fuko akapiga magoti. "Usitie hiyo peke yake, bwana mkubwa! Utanishinda!"

"Ndivyo ninavyotaka!" Akajaza shamba zima samadi mbichi tupu. Akapanda. Miche ikachungulia juu, na mara, chwii! Joto la samadi likaiunguza yote.

Wanyama wakaangua kicheko, wengine wakagaagaa chini. Swala akapaza sauti: "Bonde la Bi Fuko!" Wote wakaitikia: "La Bi Fuko!" Watoto wa Fuko wakarukaruka, wakamkumbatia mama yao. Kiboko, kwa aibu, akajitosa mtoni, chubwi! Mpaka leo mchana anajificha humo, pua tu ndiyo iko nje.

Hadithi yangu imekwisha. Utamu wake wenu, uchungu wake wangu.

Na funzo, wanangu: msiseme uongo! Bi Fuko alidanganya mara mbili, na adhabu yake ni nzito. Mpaka leo anakula mchicha kila siku.