Mkia wa Mama Kingwari

Mbali huko, kupita mwezi na kupita nyota zote zenye majina, kuna dunia yenye majua mawili, na wanyama wake ni kama wetu lakini si wetu. Simba wa huko ana ndimi za moto shingoni, Sungura ana masikio manne, Fisi ana miguu sita na matumbo mawili, na yote mawili yana njaa siku zote. Tabia ni zile zile, usidhani fisi akizaliwa nyota nyingine ndio anakuwa mstaarabu.

Na wapo vingwari. Hao, wanyama wengine wakitajwa, wao husahaulika; ni wadogo wa kuenea kiganjani, manyoya ya buluu, macho yamejaa nusu ya uso, na mkia mrefu ambao wakiogopa tu unawaka kama taa. Hawawezi kuuzima. Kingwari akiogopa, kila mtu anajua.

Mwaka mmoja majua yote mawili yakagoma kutua. Visima vikakauka, mto ukabaki mchanga, na Mama Kingwari alikuwa na watoto wanne. Watatu walikuwa wanalia kiu. Wa nne, kitindamimba, alikuwa ameacha kulia, na hapo ndipo roho ya mama ilipotoka mahali pake, maana mtoto anayelia bado ana nguvu, anayenyamaza ndiye wa kukimbiziwa maji.

Maji yalikuwepo, chini kabisa ya pango moja lenye njia panda zisizo na idadi, na waliojua njia ni vingwari peke yao, kwa kunusa. Ndani mna giza huoni hata mkono wako. Kwa hiyo wana desturi: huingia mstari mmoja, kila mmoja ameushika kwa mdomo mkia wa aliye mbele yake, polepole, bila kubana meno. Mdomo haufunguliwi mpaka majini. Hata ukikanyagwa, hata ukiitwa. Anayeongea ameachia, na aliyeachia amepotea.

Simba alipoelezwa akasema mfalme haumi mkia wa mtu. Yeye angekaa mlangoni, wamletee maji mashavuni mwao, na wasichelewe. Sungura akaomba kwenda, hakuna aliyemkataza. Kisha akaja Fisi, akamwamkia Mama Kingwari shikamoo, ilhali yeye Fisi ni mkubwa kuliko hata mama mzazi wa Mama Kingwari, hapo tu ungejua kuna jambo.

"Dada yangu, na mimi nina kiu," akasema. "Niweke nyuma ya hako kadogo. Nitakuangalizia."

"Mkia wa kadogo naushika mimi."

"Basi nipe wako. Mbona unawaka, unaniogopa?"

Mama Kingwari alitamani kumfukuza, lakini kule mwenye kiu hakatazwi njia ya maji, na muda wa kubishana hakuwa nao, mtoto alikuwa anafumba macho. Akakubali. Sungura akasogea nyuma ya Fisi.

"Mimi nitashika wako, Bwana Fisi," akasema. "Nimeuzoea, kila ukitoroka ndio ninaouona."

Wakaingia. Shangazi ya watoto, naye kingwari, mbele akinusa, kisha watoto watatu, kitindamimba, Mama Kingwari, Fisi, na Sungura mwisho. Mikia yote ilikuwa imefunikwa midomoni, isipokuwa wa Sungura, ambao hauwaki. Giza tupu. Fisi alikuwa na hesabu yake: nikiuachia mkia huu utamulika, na ukimulika nitawaona wamejipanga kama mishikaki.

Njia panda ya tatu, akaachia.

Mwanga wa buluu ukajaa pangoni. Mama Kingwari akasikia baridi mkiani, akaelewa yote kwa mara moja. Kupiga kelele ni kumwachia mtoto, na mtoto akibaki gizani peke yake ndio basi. Akazidi kuushika ule mkia mdogo, akatembea, anatembea tu.

Fisi angeruka wakati ule ule wangekwisha. Lakini akasimama achague, aanze na mnono au aanze na mlaini, mate yanamtiririka. Na Sungura, aliposikia mkia alioushika umesimama, akauachia, akapita chini ya ile miguu sita, akaukusanya mkia wa Mama Kingwari wote mdomoni mpaka shinani.

Mwanga ukazimika. Fisi akaruka kule alikowaona mwisho, kumbe mstari umeshakata kona. Akaukuta mwamba. Meno mawili yakabaki pale.

"Mko wapi?" akaita.

Nani amjibu? Kila mdomo ulikuwa na mkia. Pango peke yake ndilo lililokuwa na adabu, likamrudishia swali lake kutoka kila kichochoro. Akaomba radhi, akaapa, akayaamkia mawe.

"Nitukaneni basi, nijue mlipo."

Mstari ukazidi kwenda.

Majini, Mama Kingwari alimdondoshea kitindamimba tone, la pili, la tatu. Mtoto akakohoa. Akafumbua macho. Kisha akaangua kilio kikubwa cha hasira, na mama yake akakaa chini kwenye tope akacheka, mkia wake ukazimika wenyewe.

Wakarudi na mashavu yamejaa. Simba akapewa yake, akalalamika kwamba ni ya vuguvugu.

Fisi alitokea siku nyingi baadaye upande wa pili wa mlima, matumbo yote mawili yamegandana na mgongo, mkia wa mtu hana mdomoni na nyama hana. Mpaka leo huko wakimwona kingwari anapita na wanawe, wazee humkumbusha Fisi: mshika mawili, moja humponyoka.