Kishikwambi Kilichovaa Nguo Nne

Mzee mmoja wa kwetu Mamba, Eliamini Mrutu, mkulima wa tangawizi, alikuwa na binti mmoja na kishikwambi kimoja, na vyote viwili alivipenda kwa njia moja tu aliyoijua: kuvifunika.

Binti ni Nakijwa. Alipokuwa mdogo hakuruhusiwa kupanda mti. Alipokuwa mkubwa akapata kazi ya uuguzi Mtwara, na baba yake akawa anampigia simu kila Jumapili kumuuliza kama mlango wake una komeo. Akisikia komeo lipo, simu imekwisha. Hakuwahi kumwambia kwamba Mamba imepoa tangu aondoke. Alidhani komeo linasema yote.

Kishikwambi alikileta Nakijwa mwenyewe likizo iliyopita, ili wazee waonane na mjukuu uso kwa uso. Siku hiyo kilikuwa mtumishi mwema: ukikigusa, kinaitika. Binti akapanda basi, na mzee akaanza kukivisha. Ile nailoni laini kilichotoka nayo dukani aliiacha palepale, kama alivyoiacha nailoni ya makochi yake, ambayo ina miaka tisa na imebandua mapaja ya wageni wengi, yangu yakiwemo. Juu ya nailoni akabandikisha kioo cha kinga kule Same mjini. Juu ya kioo, mfuko mwangavu wa plastiki uliofungwa kwa mpira, kwa ajili ya vumbi. Juu ya mfuko, kitambaa cha kufuma, kwa ajili ya macho ya watu.

Kisha Nakijwa akajifungua mtoto wa pili, wa kike. Wa kwanza alipewa jina na upande wa mume, na huyu ilikuwa zamu ya akina Mrutu. Ukoo ule una sharti moja: anayetoa jina lazima kwanza auone uso wa mtoto, ndipo alitamke. Mtwara ni mbali na tangawizi ilikuwa inavunwa. Wakakubaliana kwamba Jumapili saa kumi jioni Nakijwa atapiga simu ya picha, babu ataona, babu atataja. Jumatatu asubuhi mtoto anakwenda kuandikishwa. Babu asipotaja, mkwe ana jina lake la akiba, na si mtu wa kulisahau. Mrutu alikuwa na jina moja tu kifuani, Nanzia, la marehemu mama yake aliyemlea peke yake kwenye mteremko ule ule anaolima tangawizi. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumzalia mjukuu wa kulipokea.

Jumamosi akaondoa kitambaa ili ajaribu. Akagusa alama ya simu, ikafunguka kalenda. Akagusa kalenda, kimya. Akabonyeza, akasugua, akakibembeleza kwa Kipare. Mwisho akatuita sisi wajuzi.

Nilifika wa kwanza, maana redio zote za Mamba zimepita mikononi mwangu, na hata zilizokufa zilikufa kwa heshima. Nikaamuru kizimwe, tuhesabu mpaka ishirini, kiwashwe. Kiliwaka vizuri sana, kikaendelea na ukaidi wake. Akaja Mwalimu Sekiete, mstaafu, akasema kisiguswe kikiwa kwenye chaji, umeme unakitia wazimu. Tukakichomoa, kikabaki na wazimu wake bila umeme. Hapo sote wawili tukavigeukia vidole vya mwenye nyumba, vidole vigumu vyenye ufa, kama tangawizi yenyewe.

"Kioo hakijui kama wewe ni mtu, mzee," nilimwambia. "Kinadhani unakichokoa kwa kijiti."

Akanawa kwa maji ya uvuguvugu. Akapaka mafuta ya nazi. Hata kalenda ikakoma kufunguka.

Tulilaumu betri, tukalaumu umeme, tukalaumu mikono ya mtu iliyolisha watu. Ule mfuko hakuna aliyeugusa. Katika nyumba ile kila kitu kimevaa nailoni, na macho yetu yalishazoea kudhani kwamba nailoni ndicho kitu chenyewe.

Jumapili saa kumi, sisi wajuzi tukiwa palepale, kikaita. Alama ya kijani ikacheza juu ya kioo, mzee akaipapasa, ikaendelea kucheza mpaka ikachoka. Kikaita mara ya pili. Akabonyeza mpaka mfuko ukakunjamana chini ya dole gumba, jasho linamtiririka. Kikanyamaza. Kisha simu yake ndogo ya tochi ikalia mara moja: ujumbe. Mkewe, Namkunda, akatoka jikoni akifuta mikono, akausoma kwa sauti.

"Baba, kama hutaki kumpa jina mwanangu, sema tu."

Mzee akakaa kwenye kochi, nailoni ikalia chini yake.

"Kiondolee hayo mavazi, Baba Nakijwa," alisema Namkunda.

"Kitachubuka."

"Na kichubuke. Mimi nimechubuka humu ndani miaka thelathini na nne, mbona hukunifunga kwa mpira?"

Mwalimu Sekiete akatazama dari. Mimi nikavikagua viatu vyangu.

Mzee akakata mpira. Akautoa mfuko na mafuta yake. Akaingiza ncha ya kisu pembeni, akabandua kile kioo cha kinga pamoja na nailoni ya dukani, na kisu kikapita juu ya kioo chenyewe kikiacha mstari mrefu mweupe. Alishtuka kama aliyekanyaga kifaranga. Lakini kikaita mara ya tatu, akagusa kidogo tu, kwa ncha ya kidole, na uso wa mtoto ukajaa mikononi mwake. Akanyoosha kidole kumgusa shavu. Simu ikakatika, maana kwa mara ya kwanza kioo kilikuwa kinamsikia kuliko alivyotaka. Tulicheka mpaka Nakijwa akapiga tena.

"Anaitwa Nanzia," alisema mzee. Tulidhani atauliza habari za mlango. Akasema, "Na wewe, mama, Mamba imepoa tangu uondoke."

Nakijwa akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Komeo lipo, baba," akasema. "Lipo zuri kabisa."

Leo kishikwambi kile kina mchubuko kutoka kona hadi kona. Ukienda kwa Mrutu atakuonyesha kabla hujapewa chai, na atakwambia kwa majivuno kwamba hapo ndipo alipompokea Nanzia. Mwalimu na mimi tunaendelea na ujuzi wetu, ila sasa kila nikiletewa kitu kisichoitika, sikigusi kabla sijauliza kimevaa nini.

Nawe unayesema unampenda mtu wako, na kwamba ni yeye tu asiyeitika: umehesabu kuna nailoni ngapi kati ya kidole chako na shavu lake?