Mlango Unaotazama Chini

Msimcheke mnana, yule ndege wa manjano, kwa kuwa mlango wa kiota chake uko chini. Zamani haukuwa chini. Minana walijenga kwenye matawi manene ya mgunga, karibu na shina, na milango yao ilitazama macheo. Bi Mnana alipenda jua la asubuhi liwaguse makinda wake.

Kisha Nyoka akaanza kuupanda mgunga. Akala mayai, akabomoa viota. Minana peke yao hawakumweza, ikabidi Bwana Mnana aende kuomba msaada kwa Nyigu na kwa Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kila akirudi, mkewe alimuuliza, "Umeahidi nini tena leo?"

"Mambo madogo, mama watoto. Tushinde kwanza."

Mambo madogo! Nyigu walitaka matawi manene yote, na mlango wa mnana usiwatazame wao, upande wa macheo wala kaskazini. Bwana Mnana akakubali. Hondohondo alitaka pango la shina, na kwa vile mkewe hujifungia humo akiatamia wala hapendi kuchunguliwa, mlango usielekee machweo wala kusini. Bwana Mnana akakubali hilo nalo.

Haki isemwe, washirika walipigana kweli. Nyigu walimchoma Nyoka machoni, Hondohondo akampiga kwa mdomo hadi akaanguka na kukimbilia shimoni. Tena vita vilipokuwa vikali, Hondohondo ndiye aliyemletea Bi Mnana matunda, maana alikuwa mzito wa mayai.

Amani ikaja. Bi Mnana alitaka nyumba kabla mayai hayajamtoka. Akatua kwenye tawi nene.

"Hapa petu, shangazi," wakasema Nyigu. "Muulize mumeo."

Akahamia ncha ya kitawi chembamba, akaanza kuweka mlango. Kila upande alioujaribu, jirani mmoja alitoa kichwa: "Hapana. Muulize mumeo." Na juu kuna mvua.

Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, ulipokuwa ukigawa, mimi uliniweka wapi?"

Bwana Mnana akatazama kucha zake.

Mkewe akasema, "Basi umebaki upande wa chini tu. Weka mlango chini! Na yai likidondoka, ulidake wewe."

Wakasuka, Bi Mnana akivuta nyasi kwa hasira. Nyigu mmoja mdogo akamsogelea. "Shangazi, tulichopewa hatuwezi kukirudisha, wenzangu wamekwisha jenga. Lakini Nyoka akirudi, atatupitia sisi kwanza."

Bi Mnana akavuta unyasi mwingine, na usiku ule alipata usingizi.

Na tangu siku hiyo mnana hujenga nchani, nyigu wakiwa jirani, mlango ukitazama chini. Dume akimaliza kusuka, huning'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa, akimwita mke aje. Mke haingii kwa maneno. Kwanza huvuta kila unyasi, na asiporidhika, hukibomoa chote, mume akitazama.