Fundi Aliyeuliza Udongo

Ndugu zangu, palikuwa na fundi mwashi mmoja ambaye kuta zake hazikujua ufa. Siri yake ilikuwa moja. Kabla ya kuchimba msingi, alichimba kwanza shimo dogo, akashika udongo, akaufinya, akaumwagia maji, akauacha hadi kesho yake.

"Fundi, mbona unatuchelewesha?" wenye viwanja walinung'unika.

"Udongo huu sijaujua bado, mzee. Ngoja niuulize."

Fundi huyo alikuwa na binti wa kidato cha nne. Siku za likizo binti alimshikia kamba, na jicho lake liliona ukuta ulioinama kabla timazi haijashushwa. Fundi alijivunia jambo hilo moyoni. Mdomoni hakulitoa.

Jioni moja binti akaleta fomu ya kuchagua masomo ya mbele. Mwalimu alikuwa amewaambia wajaze kwa penseli, wakazungumze nyumbani, ndipo wapitishe wino. Binti alikuwa ameandika: chuo cha ufundi, ujenzi.

Fundi akasoma. Akatazama viganja vyake vilivyoliwa na saruji. Akaomba raba.

"Nimebeba zege miaka ishirini ili na wewe ubebe karai?"

"Baba, nisikilize kidogo tu."

"Andika chuo cha utabibu. Na uandike kwa wino."

Je, alimchukia mwanawe? Hata kidogo. Alimpenda, na mkono wa upendo ndio ulioshika raba.

Binti akaenda. Akarudia mwaka wa kwanza, akarudia wa pili, kisha akarudi nyumbani na begi lake. Fundi hakumgombeza. Asubuhi moja binti akampelekea uji kazini, akamkuta ameinama shimoni, udongo kiganjani, anaufinyafinya taratibu kama mtu mwenye siku nzima.

Binti akasimama ukingoni, akatazama.

"Kumbe udongo huwa unauuliza, baba."

Fundi hakuinuka upesi. Alipoinuka, kiganja kilikuwa kitupu.

"Haya, mama," akasema kwa sauti ndogo, "wewe unataka kusomea nini?"

"Wakati ule nilikuwa najua," binti akajibu, akaiweka chupa ya uji chini.

Ndugu zangu, sisi tunatafuna punje ya mchele sokoni kabla ya kupimiwa kilo. Ng'ombe tunamfungua kinywa, tunamtazama meno. Mtoto je? Tumemuuliza lini? Au tulimpangia tangu akiwa mgongoni, tukaita mipango hiyo baraka?

Jumatatu fomu zinarudi shuleni. Nyingine ziko majumbani mwetu sasa hivi, juu ya kabati, bado ni za penseli. Tukitoka hapa, raba tuiache ilipo. Tukae na mtoto, tumuulize, kisha, na hapo ndipo penye kazi, tunyamaze mpaka amalize kusema.